Mvua Igandayo si Mvua ya Mawe: Uhakiki wa Tafsiri za Utabiri wa Theluji na Barafu

Katika miezi michache iliyopita meza yetu imepokea maandishi matatu yenye mada moja. La kwanza ni kipeperushi cha maonyo, kilichotolewa kwa Kiswahili katika mji mmoja wa Marekani kwa ajili ya wahamiaji na wakimbizi wanaoingia katika majira ya baridi kwa mara ya kwanza. La pili ni habari ya redio iliyofasiriwa kutoka shirika la habari la kigeni, nayo inahusu dhoruba iliyokuwa ikikaribia. La tatu ni mswada wa sura moja ya kitabu cha jiografia. Hatutawataja wenyewe, kwa kuwa makosa tuliyoyakuta si ya mtu mmoja; ni makosa yanayorudiwa na kila afasiriye habari hizi kwa haraka, na sisi wenyewe, kama tutakavyoeleza hapa chini, hatukusalimika.

Huenda msomaji akauliza: lugha iliyolelewa katika pwani ya Bahari ya Hindi ina haja gani na istilahi za theluji? Zamani swali hilo lilikuwa na uzito. Sasa halina. Tangu miaka ya kati ya 2010 hadi mwaka 2024, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo wakimbizi wake wengi zaidi walipokewa na kupewa makazi Marekani, na wengi wa hao hutoka mashariki ya nchi hiyo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya nyumbani. Wenzao wa Burundi wamefuata njia hiyo hiyo. Leo Kiswahili husikika katika shule na hospitali za Kentucky, za Maine na za Ontario. Mwishoni mwa Januari 2009 mvua iliyoganda juu ya miti na nyaya iliwakatia umeme wateja zaidi ya 700,000 katika Kentucky peke yake. Dhoruba nyingine ya namna hiyo itakapofika huko, watakuwapo wasemaji wa Kiswahili ambao watasoma onyo kwa Kiswahili, tena ndilo onyo pekee watakaloweza kulisoma. Kwa hiyo kosa la istilahi katika mambo haya halimwachii msomaji aibu tu. Laweza kumtoa barabarani.

Tuanze na kosa lililo kubwa kuliko yote. Kipeperushi na habari ya redio, vyote viwili, vimetumia “mvua ya barafu” kwa ile mvua ambayo huanguka ikiwa maji na kuganda papo hapo inapogusa kitu. Msomaji wa Afrika Mashariki akikuta maneno “mvua ya barafu” hufikiri nini? Hufikiri mvua ya mawe. Huijua kwa macho yake: mkulima wa chai wa Kericho na wa Nandi ameiona ikichana majani yake mara nyingi kila mwaka. Mvua ya mawe hutoka katika wingu kubwa la radi, hupiga mabati kwa kishindo kwa dakika chache, kisha hukoma na jua hutoka. Anayengoja mvua ya namna hiyo hungoja kelele. Asiposikia kelele, hujiambia kwamba haijafika, naye hutoka nje. Lakini mvua tunayoisema hapa haina kelele yoyote. Ni manyunyu ya kawaida, tena huenda yakawa mepesi, na balaa lake limo katika kule kuonekana kwake kuwa mvua ya siku zote.

Hapa hapana budi tueleze kidogo jinsi mambo yenyewe yanavyotendeka, kwani mfasiri asiyeijua kazi ya kitu hawezi kukipa jina. Katika majira ya baridi ya nchi hizo, matone mengi huanza safari juu sana yakiwa theluji. Ikiwa hewa yote, toka wingu hadi ardhi, ni ya baridi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, theluji hufika chini ikiwa theluji. Aghalabu, hata hivyo, dhoruba inapokaribia, hewa ya vuguvugu kutoka kusini hupanda na kulala juu ya hewa nzito ya baridi iliyobaki chini. Basi theluji ikipita katika tabaka hilo la vuguvugu huyeyuka. Baada ya hapo yako mambo mawili. Tabaka la baridi lililo karibu na ardhi likiwa nene, tone hupata muda wa kuganda tena hewani, na likifika chini ni punje ngumu ya barafu inayodunda kama mchele juu ya ungo. Tabaka hilo likiwa jembamba, tone halipati muda. Hufika likiwa bado maji, lakini maji yaliyokwisha kupoa kupita kiwango cha kuganda, nayo yakigusa tawi, waya, ngazi au barabara huganda papo hapo na kuvika kila kitu gamba la kioo.

Kwa hiyo katika wilaya moja, usiku mmoja, theluji, punje za barafu na mvua igandayo zaweza kuanguka katika vijiji vitatu vilivyo jirani, au katika kijiji kimoja kwa saa tofauti. Tofauti ya nyuzi moja au mbili katika tabaka lililo mita elfu moja au mbili juu ya vichwa vya watu ndiyo iamuayo. Wataalamu hurusha maputo yenye vyombo vya kupimia, kwa kawaida mara mbili kwa siku, ili walijue tabaka hilo. Na baina ya puto moja na jingine hukisia. Ndiyo maana utabiri wa mambo haya hubadilika kila baada ya saa chache. Mfasiri aliyeyachanganya majina matatu hayo humfanya mtabiri aonekane mwongo hata pale aliposema kweli.

Sasa tuyatazame maneno tuliyo nayo. Tuna “theluji”, tuliyoitwaa kwa Waarabu, na tuna “barafu”, tuliyoipata kwa Waajemi, pengine kwa kupitia Wahindi. Jambo ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba asili ya maneno haya mawili ni moja kwa maana: neno la Kiajemi lililozaa “barafu” ni jina la theluji yenyewe, na neno la Kiarabu lililozaa “theluji” hutumika katika vinywa vya Waarabu wengi kwa vyote viwili, theluji ianguka­yo na barafu ya kutia katika maji ya kunywa. Sisi wa pwani tulizipokea zote mbili tukiwa hatuna theluji ya kuzitofautisha. Barafu ikapata kazi ilipokuja mitambo ya kugandisha maji. Theluji ikabaki kileleni mwa Kilimanjaro na katika vitabu vya dini. Mgawanyo huo tulioupata kwa bahati ni mzuri, nasi tunaona ulindwe: theluji ni ile nyepesi, nyeupe, ianguka­yo kama manyoya, barafu ni maji yaliyoganda yakawa gumu. Mswada wa jiografia umeandika “theluji” na “barafu” kwa kupokezana ndani ya aya moja, kana kwamba mwandishi alichoka kurudia neno. Katika hadithi hilo lina ruhusa. Katika jiografia halina.

Inafaa kukumbuka kisa cha mmisionari Johannes Rebmann, ambaye mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na kile cheupe kilicho juu yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, kiongozi wake wa safari alikiita kitu kile “baridi” tu. Wako waliomcheka kiongozi yule kwamba hakuwa na neno. Sisi hatumcheki. Alilitaja jambo kwa lile litendalo katika mwili wa mtu, na hiyo ni njia halali ya kuunda jina. Tena, kama tutakavyoona, ndiyo njia itakayotufaa zaidi ya kukusanya nomino.

Kwani ubora wa Kiswahili katika shughuli hii hauko katika wingi wa nomino. Hatuna nomino nyingi za barafu wala hatuna sababu ya kuwa nazo. Ubora wetu uko katika kitenzi. Kwa kubadili kiungo kimoja tu, Kiswahili husema kama jambo limekwisha tendeka au litatendeka litakapogusa: mvua *iliyoganda* ni ile iliyokwisha kuganda kabla ya kufika, mvua *igandayo* ni ile inayoganda ifikapo. Kiingereza, kwa upande wake, kimejitia katika matata. Neno “sleet” kwa Mwingereza ni mvua iliyochanganyika na theluji inayoyeyuka, kitu cha kuudhi tu. Kwa Mmarekani, katika taarifa za hali ya hewa, ni zile punje za barafu tulizozieleza. Mfasiri wa habari yetu ya redio alitafuta neno hilo katika kamusi iliyotungwa kwa Kiingereza cha Uingereza, akaandika “mvua ya theluji”, hali habari yenyewe ilitoka Marekani. Hatumlaumu sana, kamusi ilimwambia kweli, ila ilikuwa kweli ya nchi nyingine. Lakini lau angejiuliza ni nini hasa kilichokuwa kikianguka, badala ya kuuliza neno hilo ni nini kwa Kiswahili, asingekosea.

Basi tunapendekeza “mvua igandayo” kwa ile ya kwanza. Kwa ya pili, kusema kweli, tulipenda mwanzoni kuiita “mvua iliyoganda”, kwa jinsi jozi hiyo inavyopendeza katika karatasi. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusoma habari redioni alitukataza, nasi tukamkubali: msikilizaji aliye jikoni, redio ikikoroma, hatatofautisha “igandayo” na “iliyoganda”. Istilahi ya onyo lazima istahimili redio mbovu. Kwa sababu hiyo tunasema “punje za barafu”. Na kwa ile mvua iliyochanganyika na theluji, maneno “mvua na theluji pamoja” yatosha. Si kila kitu kinahitaji istilahi.

Sasa tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tuliulizwa kwa simu namna ya kulitaja lile barafu jembamba lisiloonekana juu ya lami, ambalo Waingereza huliita jeusi. Tulijibu bila kufikiri: “barafu nyeusi”. Jibu hilo limo ndani ya kipeperushi kilichopo mbele yetu, tena kwa herufi kubwa. Msomaji ameambiwa ajihadhari na barafu nyeusi, naye kwa haki kabisa atatazama barabara akitafuta kitu cheusi juu yake. Hatakiona, kwa sababu barafu hilo halina rangi. Huonekana jeusi kwa kuwa lami iliyo chini yake ni nyeusi, na juu ya daraja la saruji huwa la kijivu. Jina tulilolitoa linamfundisha mtu kutafuta kisichokuwapo. Tungalikumbuka neno “utandu” tusingeingia aibuni. Kila aliyechemsha maziwa anaujua utandu: ngozi nyembamba itandayo juu, ambayo huioni mpaka uiguse. “Utandu wa barafu” husema hilo bila kuhitaji maelezo, na pale gamba linapokuwa nene juu ya matawi na nyaya, “gamba la barafu” litafaa. Tunaomba wote waliolipokea neno letu la kwanza walifute.

Unene wa gamba hilo nao una hila yake kwa mfasiri. Katika wilaya nyingi za Marekani, onyo la dhoruba ya mvua igandayo hutolewa inapotazamiwa gamba la robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Theluji hutajwa kwa inchi sita, kumi, ishirini. Msomaji akiziona tarakimu hizi bega kwa bega, theluji ya sentimita 25 na barafu la milimita 6, ataiogopa theluji na kulidharau barafu. Ukweli ni kinyume. Theluji kavu hupukutika kutoka kwenye waya. Gamba la barafu hushika, huongezeka na kulemea mpaka tawi livunjike na nguzo iiname. Mnamo Januari 1998, kusini ya Quebec na mashariki ya Ontario, mvua igandayo ilinyesha kwa vipindi kwa muda wa siku tano au sita, na mahali pengine ikapita milimita 100. Minara ya chuma ya umeme ilianguka kwa mamia, na wateja kiasi cha milioni 1.4 wa Quebec walikosa umeme, wengine kwa majuma kadhaa katikati ya majira ya baridi. Mfasiri akiandika “barafu kidogo, milimita 6”, neno “kidogo” ni lake mwenyewe, nalo ni uongo.

Hata theluji yenyewe haipimwi kwa kina peke yake. Milimita 1 ya maji hutoa, kwa hesabu ya kawaida, sentimita 1 ya theluji. Lakini theluji nzito yenye maji hutoa nusu ya hapo, na ile kavu ya baridi kali hutoa mara mbili au zaidi. Tena nchi iliyozoea haidhuriki kama isiyozoea. Tarehe 28 Januari 2014, sentimita zisizofika 7 ziliufunga mji wa Atlanta. Maelfu ya watu walilala ndani ya magari na watoto wakalala shuleni, kwa sababu theluji ile ilisagwa na matairi ikageuka barafu wakati ambapo watu wote walikuwa wakirudi nyumbani kwa pamoja. Ndiyo maana kiwango cha kutolea onyo hutofautiana mahali na mahali, na mfasiri asithubutu kukisanifisha kwa kukichukua cha jimbo moja na kukibandika kwa jingine.

Kuhusu neno “dhoruba” tutasema machache. Habari ya redio imeita “dhoruba ya theluji” kila kitu. Lakini Wamarekani wanalo jina maalumu la hali ambayo upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi hupeperusha theluji hata mtu asiweze kuona mita 400 mbele yake, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Na hali hiyo yaweza kutokea pasipo theluji mpya kuanguka kabisa, kwa upepo kuinua ile iliyokwisha lala chini. Desemba 2022 hali hiyo iliushika mji wa Buffalo kwa muda wa saa 37 mfululizo, na watu zaidi ya 40 katika wilaya ile walikufa, baadhi yao ndani ya magari na barabarani. Kilichowapoteza ni upofu kuliko kina. Tunapendekeza “tufani ya theluji” kwa hali hiyo, na “dhoruba ya theluji” ibaki kwa ujumla. Wengine wamependekeza “kimbunga cha theluji”. Hatukubali, kwa kuwa kimbunga kimekwisha pewa kazi katika bahari yetu wenyewe, na watu wa Mtwara na Lindi wanajua ni nini. Vile vile tunakataa “dhoruba ya kipupwe”, iliyomo katika mswada wa jiografia. Kipupwe chetu ni miezi ya ubaridi mwanana, mtu hujifunika shuka usiku akashukuru. Si majira ya kuua.

Tuje kwenye ngazi za maonyo, ambako mfasiri wa kipeperushi amefanya kosa la busara, yaani kosa la mtu aliyefikiri. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutumia maneno matatu. Yeye, akijua kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania hutoa “angalizo”, “tahadhari” na “tahadhari kubwa”, aliyapanga yale matatu juu ya haya matatu, moja kwa moja. Kazi nadhifu, lakini ngazi hizo hazina vidato sawa. Ngazi ya Tanzania hupanda kwa ukubwa wa hatari. Ya Wamarekani inapima mambo mawili kwa pamoja: ukubwa wa hatari na uhakika wake. Neno lao “watch” halina maana ya hatari ndogo. Maana yake ni kwamba hatari kubwa yaweza kuja, siku moja au mbili zijazo, ila haijathibitika. “Warning” ni kwamba hatari kubwa imefika au iko njiani bila shaka. “Advisory” ni kwamba jambo limethibitika lakini ni la usumbufu kuliko la maangamizi. Mfasiri wetu aliliita la kwanza “angalizo”, ngazi ya chini kabisa, na msomaji aliyelelewa na ngazi ya Tanzania ataona ni jambo dogo, hatanunua chakula wala kujaza maji. Na hali onyo hilo lilitolewa ili apate siku mbili za kufanya hayo.

Rai yetu ni hii. La kwanza liitwe “ilani ya kujiandaa”, maana hilo ndilo litakiwalo kwa msomaji: kujiandaa. La pili liitwe “onyo”, bila kivumishi. La tatu ndilo liitwe “angalizo”. Tunajua kwamba wenye ngazi hizo huzibadili wenyewe. Oktoba 2024 idara hiyo ya Marekani iliyaacha maonyo yaliyotajwa kwa jina la baridi ya upepo ikayaita ya baridi kali. Waliyabadili ili umma uelewe kwa urahisi. Sisi nasi tusione haya kubadili.

Sasa saa. Tungependa kuliruka jambo hili kwa kuwa kila mwalimu wa darasa la pili analijua, lakini kipeperushi hakituruhusu. Kimeandika kwamba dhoruba itaanza “saa 6 jioni” na kukoma “saa 6 asubuhi”. Saa hizo hazimo katika Kiswahili. Saa 6 ni mchana au ni usiku wa manane; jioni na asubuhi ni saa 12. Msomaji atafanya nini? Ama ataamini tarakimu, ama ataamini neno, na katika njia moja atakuwa amekosea kwa muda wa saa sita, ambao ndio muda wa mtu kutoka kazini na kurudi. Wako wahamiaji waliokwisha zoea kuhesabu saa kama wenyeji wao, na wako waliofika jana. Dawa ni kuandika kwa namna zote mbili: “saa 12 jioni (18:00)”. Kuna na usiku. Kipeperushi kimesema “usiku wa Jumanne”. Kwa mzee wa pwani, ambaye siku yake huanza jua linapotua, usiku wa Jumanne ni ule unaoanza Jumatatu magharibi. Kwa kijana wa mjini ni ule wa baada ya Jumanne mchana. Tofauti ni siku nzima. Lugha imekwisha litatua tatizo hili zamani, nasi tumeliacha suluhisho hilo kwa watangazaji wa misiba: “usiku wa kuamkia Jumatano”. Hapo hapana mzee wala kijana atakayepotea.

La mwisho si theluji wala barafu, ila hufuata nyuma yao kila mara. Umeme ukikatika, watu hutafuta moto. Mwezi wa Februari 2021 baridi na barafu vilipolemaza umeme wa Texas, idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, na baadhi yao ni vya watu waliovuta gesi ya kaboni monoksidi kutokana na majiko, magari na jenereta. Kabla ya hapo, Desemba 2006, upepo mkali uliokata umeme Seattle na wilaya zake uliacha watu zaidi ya 200 wakitibiwa kwa sumu ya gesi hiyo, wengi wao wahamiaji waliowasha mkaa ndani ya nyumba. Ikabidi maonyo yatolewe kwa lugha kadhaa. Kipeperushi chetu kimeonya juu ya “moshi wa sumu”. Msemaji wa Kiswahili anaujua moshi: huwasha macho, hukohoza, huonekana. Anajua pia kwamba mkaa ukishawaka vizuri ukawa mwekundu hautoi moshi, na ndipo mama huuingiza chumbani watoto wapate joto. Kwa hiyo onyo hilo, kama lilivyoandikwa, linampa ruhusa ya kufanya kile kile kitakachomuua. Neno ni “gesi”, na lazima lifuatwe na maneno “isiyoonekana wala kunuka”, tena jiko la mkaa litajwe kwa jina lake, lisifichwe ndani ya “vifaa vya kupashia joto”. Katika sehemu za baridi za nchi zetu wenyewe watu wamekufa kwa jiko hilo hilo. Haikuhitajika theluji.

Tumekirudisha kipeperushi kwa waliokituma, pamoja na masahihisho haya, na mswada wa jiografia unangoja kikao cha kamati. Istilahi mbili hatukuweza kukubaliana: jina la baridi ambayo mwili huihisi upepo unapovuma, ambalo baadhi yetu wanataka liwe “baridi ihisiwayo” na wengine wanaona kwamba baridi isiyohisiwa haipo, na jina la utandu mweupe wa alfajiri juu ya majani, ambapo vitabu vinatupa “sakitu” na “jalidi” bila kutuambia tofauti. Wasomaji wa Njombe na Makete, ambako utandu huo huonekana mashambani katika miezi ya Juni na Julai, tunawaomba watuandikie wanauitaje.